Gavana wa Recife: elimu, sanaa na sukari iliyolipia vyote

Januari 2018 Waholanzi walizozana vikali juu ya sanamu moja. Jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, lilikuwa limeondoa ukumbini nakala ya sanamu ya Johan Maurits van Nassau-Siegen, mtu aliyejenga jumba hilo kati ya 1633 na 1644 na ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Wanasiasa waliingilia kati, na hata waziri mkuu Mark Rutte akatoa neno. Kuna waliosema historia inafutwa. Wengine walisema mtu aliyefanya biashara ya binadamu hastahili kuwa wa kwanza kumpokea mgeni anapoingia.

Nakala ile yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Linalonigusa ni swali ambalo mzozo ule uliligusa juu juu tu: tufanye nini na elimu na sanaa tunayoihitaji kweli, iliyopatikana kwa fedha za utumwa?

Maurits alitua Recife, kaskazini mashariki ya Brazili, Januari 1637 akiwa na umri wa miaka 32. Alikuja kama gavana wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi, iliyoundwa mwaka 1621 na ambayo mwaka 1630 iliwanyang'anya Wareno miji ya Olinda na Recife kwa ajili ya sukari ya Pernambuco, jimbo lenye miji hiyo. Alikaa hadi Mei 1644. Katika miaka hiyo saba alijizungushia wachoraji, madaktari na wanasayansi, jambo ambalo makoloni ya wakati ule hayakulizoea kabisa.

Wanaomtetea wana hoja nzito, na wapinzani wake mara nyingi huzipita haraka mno. Georg Marcgraf, Mjerumani wa Saksonia, aliwasili mwaka 1638. Gavana akamwezesha kuwa na kituo cha kutazamia nyota mjini Recife, cha kwanza cha aina ya Ulaya katika nusu ya kusini ya dunia. Tarehe 13 Novemba 1640 Marcgraf alipima kupatwa kwa jua akiwa huko. Aliingia bara, akachora ramani, akakausha mimea, akapasua samaki na wanyama na kuandika alichokiona, pale ambapo wengi kabla yake walikuwa wakinakili yaliyosemwa na wengine. Kazi yake na ya daktari Willem Piso ilichapishwa mwaka 1648 chini ya uhariri wa Johannes de Laet, kwa jina la Kilatini Historia Naturalis Brasiliae, ikiwa na michoro zaidi ya 400. Karne iliyofuata mwanasayansi wa Uswidi, Linnaeus, alipokuwa akiipa mimea na wanyama majina ya kisayansi, kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomwongoza kuhusu Brazili. Piso ndiye aliyewaeleza madaktari wa Ulaya kuhusu mzizi wa ipekakuana, ambao wenyeji waliutumia kutibu kuhara damu.

Mambo haya hayako mbali na sisi. Mkorosho, unaowalisha watu wengi Mtwara na Lindi, asili yake ni pwani hiyo hiyo ya Brazili, na Wareno ndio waliouleta kwetu. Gavana Maurits alipiga marufuku kuukata. Mchoraji wake, Albert Eckhout, aliuchora ukiwa na mabibo yake, na chini yake amesimama mwanamke chotara wa Kizungu na Kitupi, yaani wa Watupi, wenyeji wa pwani hiyo. Muhogo nao ulivuka bahari kutoka huko. Eckhout alichora mizizi yake kwa uangalifu ambao wenzake wa Amsterdam waliuweka kwenye maua ya bei ghali, na kitabu cha 1648 kinaeleza jinsi wenyeji walivyoukuna, kuukamua na kuukausha motoni ili kuutoa sumu. Anayetaka kujua wakulima wa Brazili waliujuaje muhogo karne nne zilizopita hana budi kukipitia kitabu hicho.

Kuhusu dini, Maurits aliwaacha Wakatoliki waendelee na misa zao, na Wayahudi wakawa na sinagogi Recife, Kahal Zur Israel, la kwanza katika Amerika. Kwa zama ambazo Wazungu walichinjana kwa sababu ya imani, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini vyote hivyo vililipiwa na sukari, na sukari haikujilima. Vita vilikuwa vimeharibu vinu vya miwa, na watumwa wengi walikuwa wametoroka au kuondoka pamoja na mabwana wao. Katika ripoti ya 1638 Maurits na wenzake waliwaeleza wakurugenzi wa Kampuni kwamba bila watumwa hakuna litakalofanyika Brazili. Na kufikia hapo alikuwa ameshachukua hatua. Katikati ya 1637, miezi michache tu baada ya kuwasili, alituma meli Afrika Magharibi, na Agosti mwaka huo ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, ikaangukia mikononi mwa Waholanzi. Mwaka 1641 walituma kikosi kingine, wakateka Luanda na São Tomé. Kati ya 1636 na 1645 Kampuni iliuza Brazili Waafrika wapatao 23,000. Huwezi kusema kwamba gavana alikuta mfumo akaurithi. Waholanzi walikuwa wageni katika biashara hiyo, na yeye ni mmoja wa waliowaingiza humo kwa nguvu zote. Watafiti waliozipekua nyaraka miaka ya karibuni wameonyesha pia kwamba aliwatumikisha watumwa katika nyumba yake mwenyewe, na kwamba alijihusisha na biashara hiyo kwa faida yake binafsi.

Kuna picha mbili ambazo kwangu zinaeleza suala hili kuliko takwimu. Mwaka 1641 Eckhout alichora mwanamke Mwafrika mwenye kimo cha mtu kamili: kofia pana kichwani, shanga shingoni, kiko mkandani, kapu la matunda mkononi, na mtoto pembeni ameshika hindi. Ni mchoro mzuri mno, na mwanamke huyo ana hadhi. Ukiutazama peke yake unaweza kudhani ni mke wa tajiri wa pwani. Sasa tazama mchoro wa Zacharias Wagener, karani wa nyumba ya gavana, aliyemchora mwanamke huyo huyo katika daftari lake lililohifadhiwa Dresden, Ujerumani. Mkao ni ule ule, kapu ni lile lile, ila kifuani pana chapa ya moto: herufi za jina la Johan Maurits na taji juu yake. Mchoro mkubwa uliokusudiwa kupamba kuta za wakubwa ulimvisha mwanamke huyu shanga na kuiondoa alama ya aliyemmiliki. Daftari la karani likaibakiza.

Hoja inayorudiwa sana hapa ni kwamba hatupaswi kuwahukumu watu wa kale kwa vipimo vya leo. Ingekuwa na nguvu kama kweli hakuna aliyeona ubaya wakati ule. Mwaka 1596 meli ilifika Middelburg, Uholanzi, ikiwa na Waafrika zaidi ya 100 wa kuuzwa, na meya wa mji akasimama kudai waachwe huru. Mwaka 1615 mshairi wa Amsterdam, Bredero, aliandika tamthilia ambamo biashara ya kuuza watu inalaaniwa kama unyama na ukosefu wa Mungu, na Pernambuco inatajwa kama mahali inakofanyika. Willem Usselincx, aliyepigania kuundwa kwa Kampuni yenyewe, alitaka makoloni yasiyotegemea watumwa. Maurits, basi, hukumu yake ilishatolewa na Waholanzi wa zama zake. Wakurugenzi waliisikia, wakaamua sukari ina faida zaidi.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka picha na vitabu hivi vitazamwe kama mabaki ya uhalifu na kuishia hapo. Tukifanya hivyo tunawapoteza watu ambao maarifa yao ndiyo yaliyojaza kurasa zile. Marcgraf hakuvumbua matumizi ya mizizi na magome. Alielezwa na Watupi, na aliandika majina yao ya mimea na wanyama. Baadhi ya mimea ya kitabu ilitoka Afrika, bamia ikiwemo, na inaingia na majina ya Angola, ishara kwamba watu waliovushwa kwa minyororo waliendelea kulima vyakula vyao na mtu fulani miongoni mwao alimjibu mwandishi maswali yake. Majina ya watoa habari hao hayamo. Marcgraf alikuwa mwangalifu sana juu ya haki yake mwenyewe, hata akaandika sehemu ya kumbukumbu zake kwa maandishi ya siri ili asiibiwe, na de Laet akalazimika kuyafumbua. Uangalifu huo hakuwapa waliomfundisha. Kifo chake kinaonyesha jinsi sayansi na biashara zilivyofungamana: alipelekwa Luanda kuchora ramani, akipita baharini njia ya meli za watumwa kwa kinyume, na homa ikamuua huko muda mfupi baada ya kufika.

Afrika nayo haikuwa mtazamaji tu, na hili linaudhi pande zote mbili za mjadala. Mfalme Garcia wa Pili wa Kongo aliwahitaji Waholanzi dhidi ya Wareno, akatuma mabalozi Recife, na zawadi alizompelekea gavana zilijumuisha watu. Bakuli la fedha lililotengenezwa Peru na kufika Kongo, ambalo mfalme huyo alimzawadia Maurits, leo ni bakuli la ubatizo katika kanisa la Siegen, Ujerumani. Balozi wa Soyo, jimbo la Kongo hiyo, Dom Miguel de Castro, aliendelea hadi Uholanzi na mwaka 1643 akachorwa akiwa na kofia yenye unyoya na mavazi ya kiungwana. Picha yake iko Copenhagen, mji ule ule wenye picha za Eckhout. Mwafrika mmoja alichorwa kwa jina lake kwa sababu alikuwa mwanadiplomasia. Mwingine, mwenye kapu na mtoto, hatujui hata aliitwaje.

Kwa maoni yangu Mauritshuis walifanya vema kuiondoa nakala ile, na vema zaidi kuandaa maonyesho ya 2019 yaliyomtazama Maurits upya. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo inahusu picha za Frans Post, mchoraji mwingine wa gavana. Mandhari yake ya kisiwa cha Itamaracá ya 1637 inasifiwa kuwa picha ya kwanza ya rangi za mafuta ya nchi ya Amerika iliyochorwa huko na mchoraji wa Kizungu aliyesomea kazi hiyo. Aliporudi Haarlem, Uholanzi, alizidi kuchora Brazili hiyo kwa miongo kadhaa, kwa ajili ya wanunuzi: mbingu pana, vinu vya miwa, na watumwa wadogo kwa mbali wakitembea au kucheza ngoma. Hapo uongo umo ndani ya uzuri wenyewe. Maelezo ya ukutani yasiyosema kazi ya kinu ilikuwa nini, joto la masufuria, zamu za usiku, vidole vilivyosagwa pamoja na miwa, yanamsaidia Post kuendelea kuuza.

Recife wenyewe wengi wanamkumbuka Maurits kwa mapenzi. Daraja lina jina lake, na bado utasikia mtu akisema Brazili ingekuwa nchi njema zaidi kama Waholanzi wasingefukuzwa mwaka 1654. Nawaelewa, kwa kuwa utawala wa Wareno uliorudi haukuleta nafuu, na utumwa ulidumu hadi 1888. Lakini dhana hiyo ilishajaribiwa kaskazini zaidi ya hapo. Suriname Waholanzi waliitwaa mwaka 1667, wakapanda miwa, na wakawashikilia watumwa hadi 1863, kisha wakawalazimisha wengi wa waliokombolewa kufanya kazi mashambani kwa mkataba miaka kumi mingine.