Kabla ya Kung'oa Siti: Kilo Ipi Itoke Kwenye Gari la Mbio na la Barabarani

Ukikaa katika gereji ya Nakuru ambako vijana wanaandaa magari ya mbio za robo maili, hutamaliza kikombe cha chai kabla ubishi haujaanza. Mmoja ameng'oa siti za nyuma, kapeti na spea taya, na sasa anaitazama milango. Mwenzake anamwambia anapoteza muda: afunge tabo kubwa zaidi, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili kuongeza nguvu, aliache gari likae kama lilivyotoka kiwandani. Wote wawili wanazungumzia gari la aina moja, lile ambalo Jumamosi linakimbia mita 402 na Jumatatu linapeleka watoto shule. Gari lisilo na kazi nyingine ila mbio hupakiwa kwenye trela, na mwenyewe akitaka atalivua hadi libaki mifupa. Hili letu lazima lirudi nyumbani Kiamunyi au Njoro kwa magurudumu yake lenyewe.

Nianze na wale wa kupunguza uzito, kwa sababu hesabu iko upande wao. Katika dragi, yaani mbio hizi za mstari ulionyooka, gari huanza likiwa limesimama kabisa, na kila kilo iliyomo inadai sehemu yake ya nguvu ya injini. Nchini Marekani, mchezo huu ulikokulia, mafundi hutumia kipimo cha kukadiria: toa pauni 100, kama kilo 45, upate sehemu moja ya kumi ya sekunde katika robo maili. Chukua gari la kilo 1,400 linalomaliza kwa sekunde 14. Litoe kilo 100, yaani magunia mawili ya viazi, yale halali ya kilo 50 wala si lumbesa, na utapata kama robo ya sekunde. Inasikika kidogo. Lakini gari hilo linafika mwisho likiwa na mwendo wa karibu kilomita 160 kwa saa, na kwa mwendo huo robo ya sekunde ni mita 11. Mpinzani wako yuko nyuma kwa zaidi ya urefu wa magari mawili.

Kisha kuna jambo la kwetu hasa. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu ambayo ingeitoa Mombasa. Ile ya nguvu za farasi 150 inabaki na kama 125, na hakuna plagi wala ekzosi itakayozirudisha zote. Tabo hufidia sehemu kubwa, ila nayo inalazimika kufanya kazi zaidi kwa matokeo yale yale. Uzito, kwa upande mwingine, haupungui thamani ukipanda mlima. Kilo uliyoitoa inakusaidia hapa kama ambavyo ingekusaidia pwani, tena haichomi petroli na haivunji gia. Wanaopenda nguvu husahau gharama hiyo ya pili: ukiongeza nguvu, klachi na gia zinabeba mzigo mpya, ilhali gari lililopunguzwa uzito linavipumzisha.

Hadi hapo nakubaliana nao. Tunapoachana ni pale wanapozihesabu kilo zote kana kwamba ni sawa.

Kilo ya bei rahisi kuliko zote iko kwenye tangi. Lita moja ya petroli ina kama gramu 740, kwa hiyo tangi la lita 50 lililojaa ni kilo 37. Nenda na lita kumi na umeacha kilo 30 kwenye kituo cha mafuta bila kushika spana. Spea taya na jeki yake ni kilo 15 hadi 20 nyingine, na siti ya nyuma huongeza hapo. Betri ya kawaida ya risasi ya kilo 15 inaweza kubadilishwa na ya lithiamu ya kilo nne au tano, ingawa bei yake itakuumiza.

Magurudumu ndiyo yanayosahaulika, na inanisikitisha, kwa kuwa kilo ya gurudumu husukumwa mbele na pia huzungushwa. Ukiitoa hapo unafaidika zaidi kuliko ukiitoa kwenye kapeti. Hata hivyo utamwona mtu ameng'oa kila kitu ndani, kisha amefunga rimu nzito za inchi 18 kwa ajili ya sura. Za inchi 16 zilizo nyepesi, zikiwa zinapita juu ya breki zake, zingemfaa zaidi kwenye mstari wa kuondokea, na barabarani shokomzoba zingefuata mashimo vizuri kuliko sasa.

Mahali kilo ilipokaa pia ni hoja. Toyota Mark X kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiondoa siti ya nyuma, spea taya na kila kilichomo kwenye buti, umepunguza mzigo juu ya taya zile zile zinazopaswa kung'ang'ania lami. Gari ni jepesi, lakini linazungusha taya na moshi unapaa huku mwenzako anaondoka. Kwa gari kama hilo, afadhali kupunguza mbele na kuhamishia betri kwenye buti. Mazda Demio, ile inayovutwa na magurudumu ya mbele, ni kinyume: uzito wa nyuma unaweza kutoka bila hasara ya mshiko. Subaru ya magurudumu manne haina shida kubwa hapo.

Sasa upande wa pili, na hapa sauti yangu inapanda. Wapo wanaotoa stabilaiza ya mbele, chuma kinachozuia gari kulalia upande kwenye kona, ili pua ya gari inyanyuke na uzito uhamie nyuma wakati wa kuondoka. Kwenye mstari ulionyooka hilo hufanya kazi. Wengine hufunga breki ndogo na taya nyembamba mbele, kwa kuwa gari la dragi linasimama mara moja tu mwishoni. Lichukue gari hilo kutoka Mau Summit uteremke kwenda Sachangwan na Salgaa, lori limekutangulia na lingine liko mgongoni. Mteremko ule umeua watu wengi mno kwa sababu ya breki zilizochoka. Kilo tano za stabilaiza na kilo chache za diski si bei ya kumwekea mtu maisha rehani.

Ndani ya milango kuna vyuma vya kuzuia gari lingine lisikuingie ubavuni. Wanaovikata hupata kilo chache, na ukigongwa ubavuni hakuna kingine cha maana kati yako na bampa ya mwenzako. Mkanda wa mbio wa pointi nne nao unaonekana kama usalama ulioongezwa, lakini bila fremu ya vyuma ndani ya gari unaweza kuwa hatari: gari likipinduka, mkanda unakushikilia wima huku paa linabonyea.

Fremu yenyewe hurudisha uzito. NHRA, chama kinachosimamia dragi Marekani, kwa kawaida hudai nguzo ya kinga nyuma ya dereva kwa gari linalokimbia robo maili chini ya sekunde 11.50, na fremu kamili kwa linaloshuka chini ya sekunde 10. Maana yake ni kwamba ukifanikiwa kweli kulipunguza gari, kuna siku utalazimika kulirudishia vyuma. Hata magari ya Safari Rally yanayopita Naivasha yaliwekewa kikomo: kuanzia 2022 hadi 2024 yale ya daraja la juu hayakuruhusiwa kushuka chini ya kilo 1,260. Na katika vumbi la Soysambu, moja ya njia za mbio hizo, madereva hubeba spea taya mbili wakijua uzito wake.

Bima nayo isisahaulike. Ukibadilisha gari bila kuwaambia wenye bima, umewapa sababu ya kukataa kukulipa siku ya ajali.

Kwa hiyo fundi akiniuliza, namwambia aanze na kinachotoka kwa mkono na kurudi kwa mkono: mafuta, spea taya, jeki, siti ya nyuma. Fedha iliyopo iende kwenye rimu nyepesi na taya nzuri, kisha betri. Tabo ije baadaye, breki zikiwa tayari zinaiweza. Milango, mikanda, mifuko ya hewa na stabilaiza asiviguse maadamu gari linatembea barabarani. Na siti ya nyuma, ambayo hufungwa kwa klipu na bolti chache, irudishwe jioni ile ile ya mbio pamoja na mikanda yake, kwa sababu Jumatatu asubuhi kuna mtoto atakayeikalia.