Kibali cha Kuchungulia Ardhi

Mimi ni fundi wa bomba hapa Nakuru, na miaka yote nimetafuta bomba kwa njia ya mababu: unachimba. Hulioni, unachimba kando. Ukirukiwa na maji usoni ujue umelipata, ila sululu imekutangulia. Na tangu waje na bomba za plastiki, hata kile kifaa cha kunusa chuma ni mzigo tu.

Basi shemeji yangu aliye Uingereza akaniazima rada ya ardhini. Ukiiona utadhani ni kigari cha mtoto, mtoto mwenyewe kashuka. Unaisukuma, inapiga mawimbi ya redio kwenda chini, yakikuta bomba au shimo yanarudi, nayo inakuchorea kwenye skrini. Hata plastiki inaiona. Nikasema nitaita mafundi wenzangu niwaonyeshe Jumamosi pale Lanet, saa moja tu, halafu chai.

Kumbe mawimbi ya redio yana wenyewe: ofisi ya serikali inayotoa vibali vya masafa. "Mzee, unarusha mawimbi? Leta kibali."

Nikapewa fomu. Fomu hiyo, jamani, ilitungwa kwa ajili ya stesheni za redio. Urefu wa mlingoti? Antena yangu inalala kifudifudi! Nikaandika sifuri. Karani akasema kompyuta haili sifuri. Nikamwambia basi weka mita mbili kwenda chini, maana matangazo yangu yanaelekea huko. Eneo la matangazo? Mita moja ya mraba. Wasikilizaji? Minyoo. Hapo nilikosea, nakiri, lakini ilikuwa saa nane na sijatia kitu tumboni.

Tukafika kwenye masafa. Kijisanduku kimoja. Mashine imeandikwa megahezi 400, lakini haikai hapo. Inapiga mpigo mfupi sana unaomwagika juu na chini ya hiyo 400. "Chagua moja," karani akasema. Ni kama kumwambia mtu aliyepiga chafya ataje herufi aliyotamka. Wamarekani walishaumwa kichwa na jambo hilihili, na mwaka 2002 wakaziandikia mashine hizi kanuni zake: nguvu kidogo kabisa, kwa kazi kama ujenzi, migodi na utafiti. Nikachapisha karatasi nikampelekea. Akasema, "Hapa si Marekani." Nikatoka nje, nikaiona Menengai, volkano yetu ya hapa Nakuru, nikakubali.

Rudi Jumanne. Jumanne mkubwa yuko semina. Rudi Ijumaa. Ijumaa mkubwa yuko, muhuri ndio uko semina.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka 2021 hao hao Wamarekani walishusha kigari Mirihi, kimebeba rada ya namna hii iliyotengenezwa Norwei, na inachungulia zaidi ya mita 10. Huko hakuna aliyekiuliza mlingoti. Mimi nataka mita mbili za Lanet! Tena udongo wetu huu wa jivu la volkano, ukiwa mkavu, mawimbi yanapita vizuri. Ningekuwa kule Kano, Kisumu, ningenyamaza. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi unameza mawimbi kama ugali unavyomeza mchuzi.

Sasa mashine iko sebuleni. Mama Brayo ameitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka chupa ya chai juu yake. Majirani wanakuja mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Mmoja anataka nimtafutie rupia za Mjerumani. Nikamwambia Mjerumani alikuwa Tanganyika, akaniona mchoyo. Mwingine anataka nipime kama mumewe amezika pesa nyuma ya choo.

Jana usiku simu ikalia. Nikaitambua sauti: karani.

"Mzee, habari za jioni? Mama na watoto hawajambo?" Heshima ikanipa wasiwasi. "Ile mashine yako bado iko?"

Ikawa shamba la mama mkwe wake, huko Njoro. Mpaka una ugomvi, bikoni, ile alama ya mpaka, imefukiwa na jirani, hakuna anayejua ilipo. Je, naweza kupita Jumamosi, asubuhi na mapema, kabla jirani hajaamka?

Nikamwambia, "Kijana wangu, ningependa sana. Lakini sina kibali."

"Kibali cha nini, mzee?" akasema. "Si ni kusukuma tu?"