Albamu ya Bure, Bando la Kununua

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anachana mistari. Mwaka jana alimaliza albamu ya nyimbo tisa iliyomla miezi kumi na karibu kila shilingi aliyoipata kwenye bodaboda. Akaja kwangu Mbagala usiku, helmeti mkononi, na tangazo moja: "Kaka, naiachia bure. Kila mtu apakue." Nikamuuliza prodyuza amemlipa shilingi ngapi. Akacheka. Nikamuuliza hiyo hela itarudi vipi. "Nikishajulikana, shoo zitalipa."

Jibu hilo silidharau. Biashara matangazo, na msanii asiyejulikana hana cha kuibiwa. Watu wanalia na uharamia, lakini chipukizi wa Temeke anakufa kimuziki kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia. Nani atoe elfu kumi kwa sauti asiyoijua, wakati wale anaowajua wako YouTube usiku na mchana?

Tatizo langu ni mifano anayoitegemea. Ina vipande ambavyo ikifika huku kwetu havisimuliwi.

Chukua huo mkubwa wanaoutaja wote. Tarehe 10 Oktoba 2007 bendi ya Radiohead ya Uingereza iliweka albamu yake, In Rainbows, kwenye tovuti yao wenyewe, na penye bei wakaacha nafasi tupu. Mnunuzi aandike anachotaka, hata sifuri. Dunia ikapiga kelele kwamba kampuni za muziki zimekwisha. Kisichosimuliwa ni kwamba Radiohead walikuwa wameshatoa albamu sita chini ya kampuni ya muziki ya EMI, jina lao limejengwa kwa pesa za kampuni kwa zaidi ya miaka kumi, na ule mkataba ulipoisha ndipo wakafungua mlango. Kisichosimuliwa pia ni lile boksi. Pembeni ya albamu ya sifuri kulikuwa na boksi la santuri na CD kwa pauni 40, na yaliuzwa kama maboksi 100,000. Piga hesabu mwenyewe. Mwanzoni mwa 2008 CD ya kawaida ilipoingia madukani, ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Albamu iliyofuata, mwaka 2011, waliiwekea bei.

Na kipande cha tatu, ambacho kwangu ndicho kiini cha mambo yote: ili upakue, hata kwa sifuri, ulitakiwa uache jina lako na baruapepe. Nine Inch Nails ya Marekani ilipogawa The Slip bure mwezi Mei 2008, nayo ilitaka baruapepe kwanza. Shabiki hakutoa pesa, ila alitoa anwani. Bendi ikabaki na orodha ya watu inaoweza kuwaamsha siku ya tamasha, bila kumwomba redio wala mtu yeyote.

Trent Reznor, kiongozi wa Nine Inch Nails, alifanya jambo ambalo wasanii wachache wana ujasiri nalo: alianika hesabu. Mwishoni mwa 2007 yeye na mshairi Saul Williams walitoa albamu kwa chaguo mbili, bure au dola 5. Januari 2008 akatangaza kwamba watu 154,449 wameichukua na 28,322 wamelipa, yaani kama 18 kwa kila 100. Alikiri kwamba imemvunja moyo. Lakini albamu ya Williams iliyotangulia, ya mwaka 2004, ilikuwa imeuza nakala 33,897. Kwa hiyo waliolipa walipungua kidogo tu, na waliosikiliza wakazidi mara nne na ushee. Dola 5 mara 28,322 ni zaidi ya dola 141,000, bila kampuni katikati. Mdogo wangu akiitazama hesabu hii anaona watu laki moja na nusu. Prodyuza wake anaona watu 126,000 waliochukua kazi yake na kuondoka. Wote wawili wanasoma namba zilezile, na sioni anayekosea.

Mfano wa vijana wa sasa ni Chance the Rapper wa Chicago. Alitoa kazi tatu bila kuuza nakala hata moja, akauza kofia zenye namba 3 na tiketi za maonyesho, na Februari 2017 akaondoka na tuzo tatu za Grammy. Vizuri. Ila mwezi mmoja baadaye alisema mwenyewe kwamba Apple walimlipa dola nusu milioni ili ile ya tatu ikae kwao peke yao kwa wiki mbili. Msikilizaji hakulipa, mwenye duka alilipa. Na bure ina mkia. Ile ya pili, ya mwaka 2013, alipotaka kuipandisha rasmi kwenye majukwaa mwaka 2019, wimbo mmoja ulikuwa na kipande cha muziki wa mtu mwingine ambacho hakikupata ruhusa. Badala ya wimbo ikawekwa sauti yake akieleza. Ukigawa bure, wenye haki wengi hawahangaiki nawe. Siku unataka kuuza, wanatokea.

Sasa turudi Mbagala.

Rangi Tatu, karibu na stendi, yuko kijana mwenye kompyuta ya mezani na spika mbili juu ya meza ya mbao. Unampa flashi, unamwambia "niwekee Bongo Fleva mpya na singeli", anakujazia kwa buku mbili. Wiki moja baada ya albamu kutoka, nilikuta nyimbo za mdogo wangu pale. Kila faili lilikuwa na jina la wimbo likifuatwa na jina la tovuti ya kupakulia, na ukibonyeza, kabla biti haijaingia, sauti ya mdada inaitaja tovuti hiyo kwa madaha. Tovuti yenyewe siitaji. Ilimtoza elfu thelathini ili albamu ikae ukurasa wa mbele siku tatu. Yaani alilipa ili agawe.

Basi hesabu waliokula. Studio imekula, haki yake. Tovuti imekula mara mbili, kwa elfu thelathini na kwa matangazo ya kubeti yanayorukaruka pale. Kampuni ya simu imekula, maana nyimbo tisa ni kama MB 70 na hakuna anayegawa bando. Kijana wa flashi amekula buku mbili. Msikilizaji ametoa pesa kwa watu wawili hapo katikati na anaamini kabisa kwamba muziki ni bure. Mwenye muziki hajui hata mmoja wao anaitwa nani.

Hapo ndipo naona wanaobishana wanapishana njia. Upande mmoja unasema bure inaua thamani: ukimzoesha mtu sifuri, kesho shilingi mia itamuuma. Upande wa pili unasema dunia imeshabadilika, kaa na bei yako kama hutaki kusikilizwa. Wote wanazungumzia bei. Mimi naona swali kubwa ni mlango: shabiki alipoingia kuchukua, aliingia kwa nani?

Tena kumpa msikilizaji muziki bila kumtoza si uvumbuzi wa intaneti. Kwenye muziki wa Kinshasa kuna kitu kinaitwa libanga: mwenye pesa anamlipa mwanamuziki ili atajwe jina ndani ya wimbo, na wimbo unakuwa umeshaingiza pesa kabla haujafika sokoni. Bendi zetu za dansi ziliuiga mchezo huo, mapedeshee wakatajwa mpaka tukachoka. Kwenye taarabu, shoga anainuka na noti, anacheza taratibu hadi jukwaani kumtunza mwimbaji kwa sababu ubeti umempiga jirani yake. Kule Belém, Brazil, wanamuziki wa tecnobrega, muziki wa dansi wa huko, waliwapa wachuuzi wa barabarani nyimbo zao wazidurufu na kuziuza wapendavyo, wao wakategemea pesa za madansi makubwa ya wikiendi. Lakini mle ukumbini mtunzaji na mtunzwaji wanaonana uso kwa uso. Mdogo wangu na wale waliompakua hawaonani.

Upande wa bei nao usijipambe. Enzi za kanda, msanii wa Bongo Fleva mara nyingi aliuza masta, yaani rekodi yenyewe ya kudurufia, kwa msambazaji wa Kariakoo kwa mkupuo mmoja, kisha akasikia albamu yake kwenye kila daladala asijue nakala ngapi zimetoka. Mirabaha, yale malipo ya kazi yako kutumika? Januari 2022 COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Ni hatua, napongeza, ila kwa wastani haifiki laki tatu kwa kichwa. Huwezi kumtisha kijana kwamba bure itamnyima utajiri ambao kulipwa hakujawahi kumpa.

Hata hivyo, kuna hoja moja ya wapinzani wa bure ambayo sijapata jibu lake. "Shoo zitalipa" ni maneno ya mtu mwenye miaka 23 na magoti mazima. Mpiga solo mwenye miaka 70 halipwi na shoo. Mtunzi wa mashairi asiyepanda jukwaani halipwi na shoo, prodyuza naye hivyohivyo. Kwa hawa, nyimbo zenyewe ndiyo pensheni. Mwaka 2020 korona ilipofunga kumbi, hata wale wenye miaka 23 walionja maisha ya yule mzee. Tena albamu moja ni jasho la watu sita, saba, na anayetangaza kuigawa huwa mmoja. Je, wenzake walikubali?

Njia ya katikati ipo. Mdundo, iliyoanzia Kenya na kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, inamwacha mtu apakue bila kulipa, tangazo likisikika mwanzoni, na mapato ya tangazo yanagawanywa na msanii. Si hela za kujengea nyumba, lakini angalau mwenye kazi ana fungu kwenye kelele zinazowekwa juu ya kazi yake. Kuna pia suala la masharti, ambalo wasanii wetu wanalipuuza kabisa. Nine Inch Nails waligawa chini ya leseni ya Creative Commons inayosema wazi: nakili, sambaza, changanya upya, ila usiuze. Huku mtu akisema "nimeiachia bure", kijana wa flashi anaelewa kwamba haina mwenyewe.

Kuna na bure ya kulazimishwa. Septemba 2014 Apple waliisukuma albamu ya bendi ya U2 kwenye akaunti milioni 500 za wateja wao bila kubisha hodi. Watu walikasirika hadi Apple wakatengeneza ukurasa wa kuifutia, na Bono, mwimbaji wa bendi hiyo, akaomba radhi. Mgeni hata akija na zawadi, hodi anapiga.

Nilimwambia mdogo wangu haya yote, pengine kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Hakukubali kuuza. Ila albamu ya pili, ya nyimbo tano, hakuipeleka kwenye tovuti yoyote. Aliweka dakika moja ya wimbo mmoja TikTok na namba ya WhatsApp: tuma jina na mtaa, utapata albamu nzima. Nikamkumbusha kwamba tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, asije akagawa namba za watu kama njugu. Akaniangalia kama mzee.

Juzi kanionyesha simu yake. Watu 412. Kila mmoja kamhifadhi kwa mtaa: Asha Tandika, Juma Kongowe, Mama Rehema Charambe, Dulla Fundi Zakhiem. Jumamosi ya wiki ijayo ana shoo kwenye ukumbi mdogo, kiingilio elfu tatu, na amekaa sebuleni kwangu anawaandikia mmoja mmoja kwa jina, dole gumba limechoka, anakataa nisimsaidie.