Nani aliwaambia simu lazima izime kwanza?

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye duka moja Kariakoo, nyuma ya dada aliyekuwa ananunua simu. Kijana wa duka akamkabidhi boksi na mahubiri juu: "Dada, ichaji masaa nane kabla hujaiwasha. Halafu usiwe unachajichaji ovyo, ngoja mpaka izime yenyewe, ndiyo betri itazoea." Dada akaitikia kwa heshima zote. Mimi nikanyamaza, na hasira niliyomeza pale ndiyo hii mnaisoma.

Itazoea nini?

Ushauri ule una asili yake, siukatai. Betri za zamani za nikeli-kadimiamu zilikuwa na kumbukumbu: ukizichaji kila mara zikiwa nusu, zinaanza kujifanya zimeisha palepale. Hata Nokia 3310, ile ya mwaka 2000, ilitoka na betri ya ukoo huohuo wa nikeli. Lakini Sony waliingiza lithiamu-ioni, aina ya betri iliyomo kwenye simu za leo, sokoni 1991. Mwaka 2019 wanasayansi watatu wakapewa Nobel ya kemia kwa ajili yake. Sisi bado tunaihudumia kwa masharti ya marehemu.

Lithiamu haipendi kuisha kabisa, wala haipendi kujaa pomoni ikabaki hivyo kwenye joto. Raha yake ni katikati, asilimia 20 hadi 80 hivi. Chomeka mchana kidogo, chomoa, chomeka tena jioni, hakuna dhambi. Ukitumia asilimia 50 mara mbili ndiyo umekamilisha mzunguko mmoja wa chaji, wala hakuna anayehesabu umechomeka waya mara ngapi. Simu ikizima kwenye sifuri inakuwa imebakiza akiba kidogo, imejizima makusudi kujilinda. Sasa itupe kwenye droo miezi kadhaa katika hali hiyo. Akiba inavuja yenyewe, volti zinashuka mno, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukija kuchaji inaganda pasipotakiwa. Hapo ndipo unampelekea fundi "aibusti". Anaigusisha nyaya, inaamka, unamlipa na kumshukuru. Baada ya muda mgongo wa simu umevimba kama andazi na unamlaumu aliyekuuzia.

Kinachoniuma zaidi ni betri za sola, maana huko ujinga huu unakula laki kadhaa kwa mpigo. Ile N70 ya asidi inayowasha taa na TV kijijini haitaki katikati. Inataka kujaa, kila siku ikiwezekana. Ikishuka chini ya nusu, volti 12.1 hivi, ikalala hivyo, salfati inaganda kwenye pleti na baadaye haibanduki. Baba yangu mdogo anaangalia mechi huku inveta inalia piii, piii, anasema "bado ina moto hiyo." Kontrola ikikata umeme kuiokoa betri, anaichomoa na kuunganisha nyaya moja kwa moja! Halafu betri ikifa kabla ya muda wake, anasema za siku hizi zote feki. Feki zipo, sawa. Lakini hata orijino haiwezi kumhimili baba mdogo.

Joto nalo. Madereva wa bodaboda, ndugu zangu: simu iko kwenye usukani, ramani imewashwa, waya wa chaji umechomekwa, kava nene la mpira, jua la saa saba. Angalau vueni hilo kava. Na wanaochaji simu ikiwa chini ya mto, sina hata la kuwaambia.

Kuchaji usiku kucha? Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba simu za leo zikijaa zinajizuia zenyewe, na nyingi zina mpangilio wa kukomea 80. Ila siku ya umeme wa kukatikakatika jaza mpaka 100 bila aibu, betri itakusamehe kuliko bosi wako anayekupigia hupatikani.

Na kama namba zinaruka, simu inatoka 30 kisha giza, hapo nawapa ruhusa: acheni iishe mara moja, ijazeni, hesabu ijipange upya. Mara moja tu, siyo kila Jumapili. Ikiendelea kuruka, betri imechoka, nunueni nyingine.