Matamasha ya Juni yavuke Uhuru Highway

Masika yanaelekea ukingoni, na kama ilivyo kawaida ya kipindi hiki, mialiko ya matamasha ya muziki wa klasiki imeanza kuzunguka kwenye simu za wanakwaya. Jumamosi okestra, Jumapili kwaya, wiki inayofuata wanafunzi wa piano na fidla. Naupenda sana msimu huu. Kinachoniuma ni anwani: Lavington, Westlands, Karen, Gigiri, na tukibahatika, Kenya National Theatre. Karibu kumbi zote ziko upande mmoja wa Uhuru Highway, ilhali sehemu kubwa ya watu wa Nairobi, mimi nikiwemo, hulala upande wa pili.

Ombi langu kwa waandaaji ni moja. Kila programu itakayopigwa upande wa magharibi mwa jiji mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, ipigwe mara ya pili Eastlands.

Najua jibu litakalotolewa kwanza, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: huko hakuna wasikilizaji wa muziki huo. Si kweli, na yeyote aliyewahi kukaa katikati ya kwaya ya kanisa Kayole, Umoja au Bahati anajua si kweli. Kenya Music Festival ilianza mwaka 1927. Kwa vizazi kadhaa sasa, watoto wa shule za umma wamekaririshwa nyimbo za kwaya za Ulaya, wakazipeleka mashindanoni katika muhula wa pili, wakasimama mbele ya waamuzi huku magoti yakitetemeka, kisha wakakua. Wako wapi leo? Wanauza vifaa vya ujenzi, wanafundisha, wanaendesha matatu, na jioni baada ya kazi wako mazoezini. Mwambie mmoja wao kwamba waimbaji wa sauti ya tenor wameingia nusu pigo baada ya wale wa besi, atakuonyesha ni wapi hasa na ni kwa nini. Msikilizaji wa aina hiyo ndiye ambaye okestra yoyote duniani ingemtamani.

Hata wimbo wa taifa wenyewe umetoka kwenye sanaa hii. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki, wakiwemo Graham Hyslop, Washington Omondi, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na George Senoga-Zake, lilichukua bembelezi la Wapokomo na kulitengenezea sauti za kwaya. Kila Mkenya aliyesimama gwarideni shuleni ameimba matunda ya kazi hiyo. Kwa hiyo yule anayesema huu ni muziki wa watu wengine, nampinga kwa moyo wote. Uliingia nyumbani kwetu zamani na tukaupa lugha zetu.

Kuna tofauti moja ya kweli, nami sitaki kuipitia juu juu. Okestra husoma nota kwenye mistari mitano. Wengi wetu kwenye kwaya tunasoma solfa, yaani do, re, mi. Mfumo huo ulienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, ili watu wasio na piano wala ada ya mwalimu waweze kuimba kwa sauti nne. Wamisionari wakauleta huku, ukashika. Wapo wanaoudharau, wakidhani mtu wa solfa hajui muziki. Mtu wa solfa anajua mahali pa kila sauti ndani ya ufunguo wake bila kugusa chombo chochote, ana sikio. Mpe fursa ya kuketi hatua kumi kutoka kwa sello inayopiga mstari uleule wa besi anaouimba kila Pasaka, uone uso wake.

Na wapigaji je? Ghetto Classics, programu ya kuwafundisha vijana muziki wa klasiki, ilianza Korogocho mwaka 2008, chini ya Elizabeth Njoroge, karibu na jaa la Dandora. Vijana waliotokea huko sasa wanashika tarumbeta, klarineti na fidla kwenye majukwaa makubwa ya jiji. Eastlands inatoa wapigaji, kisha mama aliyevumilia miezi ya fidla ikilia vibaya ndani ya chumba kimoja anatakiwa apande matatu mbili, ya kwanza hadi mjini na ya pili hadi Lavington, ili amsikie mwanawe akipiga vizuri. Tamasha likianza saa kumi na mbili na nusu jioni, litaisha saa tatu usiku. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na kutoka kituoni hadi nyumbani usiku huo ni jambo jingine kabisa. Huyo mama hatakuja. Si kwa sababu hapendi.

Huwa namkumbuka mtunzi Handel katika jambo hili. Messiah, kazi yake ya kwaya na okestra ambayo sisi Nairobi tumezoea kuihusisha na Krismasi, iliimbwa mara ya kwanza majira ya machipuko, tarehe 13 Aprili 1742, na haikuwa London alikoishi mtunzi. Aliipeleka Dublin, kwenye ukumbi wa Fishamble Street. Waimbaji wa kwaya walitoka kwenye makanisa makuu mawili ya mji huo, na mapato yakaenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Wanawake waliombwa waje bila zile fremu za kupanua sketi, na wanaume waache panga nyumbani, ili watu wengi zaidi wapate kuenea. Kazi hiyo kubwa ilianza kwa kubebwa hadi mji mwingine, ikaimbwa na kwaya za palepale, na nafasi ikatafutwa kwa kila aliyetaka kusikia. Sioni kwa nini sisi tushindwe kuvuka barabara.

Tatizo la ukumbi ni zito, nalo lizungumzwe. Kumbi nyingi za kijamii za huku zimeezekwa mabati. Mvua ya Mei ikianguka juu yake, hata tarumbeta hupotea, sembuse fidla zinazopiga kwa sauti ya chini. Tena unyevu wenyewe ni adui wa vyombo: mbao hunyonya maji ya hewani na kuvimba, vigingi vya kukazia nyuzi vinakwama, na chombo kilichokazwa saa nane kimebadilika saa tisa. Ndiyo maana nasema Juni. Mvua ndefu zinakuwa zimepungua, baridi imeingia, hewa imetulia. Nasema pia makanisa, si kumbi. Kanisa kubwa kama St. Stephen's kwenye Barabara ya Jogoo hukusanya mamia ya watu kila Jumapili. Viti vipo, na watu wake wamezoea kukaa kimya saa mbili wakisikiliza.

Muda uwe Jumapili saa tisa alasiri. Ibada zimekwisha, watu wamekula, na kufikia saa kumi na moja na nusu kila mtu yuko njiani kukiwa bado na mwanga. Kiingilio kisizidi shilingi 200, watoto waingie bure. Kiongozi wa okestra, au mpigaji yeyote mwenye ulimi mwepesi, aeleze kila kazi kwa Kiswahili kwa dakika mbili kabla haijapigwa: nani aliitunga, tusikilize nini, wapi sauti ya mwanzo itarudi imevaa vazi jingine.

Halafu watu wakipiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine, waacheni. Nimewahi kuona wageni wakitupiwa macho makali kwa kosa hilo, nikaumia kwa niaba yao. Mozart alipopeleka simfonia yake mpya Paris mwaka 1778, watu walipiga makofi muziki ukiwa bado unaendelea, naye akamwandikia baba yake barua ya furaha. Aliweka pale sauti aliyojua itawapendeza, ikawapendeza.

Wapigaji wengi wa okestra zetu hujitolea baada ya kazi zao, na kuwaongezea siku moja si jambo dogo. Nalijua hilo na nawaheshimu. Basi kwaya za Eastlands zibebe sehemu ya mzigo: zitafute kanisa, zipange viti, zipike chai, ziuze tikiti kwenye vikundi vyao, na ziandae wimbo mmoja wa kuimba pamoja na okestra mwishoni. Walimu wa kwaya wanaosoma haya wasingoje kualikwa. Mwandikieni katibu wa okestra wiki hii, mumtajie kanisa, tarehe na idadi ya waimbaji wenu, kabla programu za Juni hazijaenda kuchapishwa.