Bibi yako kazaliwa wapi?

Mwaka wa saba huu nabeba boksi Berlin na kila nikirudi Bongo likizo washkaji wa kijiweni swali lao ni lilelile, hivi huko Ujerumani ubaguzi upo? Upo, tena mwingine unafanyiwa huku unachekewa. Ila leo nina jambo jingine, maana sisi tunajisifu sana eti nyumbani hayo mambo hatuna.

Pale mtaa wa Brunnenstraße namba 193 kuna kibao cha shaba kimezikwa chini kwenye njia ya waenda kwa miguu, ukubwa wake kama kiganja. Huku viko vingi mno, vimewekwa mbele ya nyumba walizokuwa wanaishi watu waliokamatwa na Manazi, wengi wao Wayahudi, na mi nilishavizoea nilikuwa navikanyaga tu. Siku hiyo nimeinama nifunge kamba ya kiatu nakuta jina Mohamed Husen. Nikasema eeh, huyu si wa kwetu huyu?

Wa kwetu kabisa. Mahjub bin Adam Mohamed, kazaliwa Dar 1904, Vita ya Kwanza alikuwa mtoto tu lakini akawatumikia Wajerumani jeshini kama baba yake. 1929 akaja Berlin, akawadai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, wakamtolea nje. Jamaa akabaki, akapiga kazi ya uweita, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, akaoa hukuhuku. Alikuwa mtu wa kuamini makaratasi, kila kitu barua. 1941 wakamkamata kisa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kesi hakuna, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba hawakuanza na kambi, walianza na fomu. Zilikuja zile sheria za damu za 1935, za kuwatenga Wayahudi na Wajerumani, halafu sensa ya Mei 1939 kila nyumba ikapewa kadi ya ziada, sema babu zako wawili na bibi zako wawili nani Myahudi, na watu wakajaza wakatia kwenye bahasha wakarudisha. Wasinti na Waroma, wale wanaoitwa majipsi, polisi walikuwa na mafaili yao siku nyingi. Wale watoto machotara wa Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, mama Mjerumani baba mwanajeshi wa Ufaransa kutoka Afrika, 1937 walisombwa karibu 400 wakafungwa kizazi kwa nguvu, wala hawakutafutwa sana, majina yalishakuwa ofisini.

Sasa huku leo nikienda kuandikisha nyumba sijawahi kuulizwa kabila wala rangi, dini wanauliza, wanasema ni ya kodi ya kanisa. Nyumbani sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967, hapo namvulia kofia Mwalimu. Lakini nilipoenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo niliulizwa: jina, umri, kabila, dini. Ya nini? Mwizi wa simu anajali kama mi Mpogoro?

Desemba iliyopita nimeibiwa simu nikaenda kituo kimoja, afande kusikia Mpogoro kacheka, utani ukapita, tukaandika, freshi tu. Nyuma yangu kulikuwa na kaka mmoja Muha, na yeye kaibiwa pikipiki ndo kilichomleta, kufika kwenye kabila kalamu ikasimama. Wewe si Mrundi wewe? Cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Baba yako? Bibi yako kazaliwa wapi? Afande hakuwa mkali hata kidogo, anauliza anapiga miayo, na mi nilishabeba karatasi yangu nikatoka, kaka wa watu nimemwacha pale kwenye benchi anatafuta kwenye simu namba ya mjomba wake wa Kasulu.