Nililewa gong, sio gongo

Kwanza niseme mimi muziki nimezaliwa nao jamani. Tanga kwetu nyumba ilikuwa inapakana na ukumbi, taarab Ijumaa taarab Jumamosi, na bibi yangu akisikia udi umelegea uzi mmoja anajua kabla ya mpigaji mwenyewe. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Bali kusoma Kiindonesia mwaka mzima, serikali yao ndo inalipa, wasiwasi wangu ulikuwa chakula. Muziki hata sikuufikiria.

Sasa usiku wa pili tu nimejilaza chumbani kwangu pale Denpasar, mara nasikia kabati la vyombo limeanguka. Sio sufuria moja, kabati zima, na vijiko vyake na masinia ya harusi. Nikatoka mbio na kanga moja kuokoa watu. Mama mwenye nyumba huyo barazani anatafuna karanga, hana habari. Namuuliza nini kimeanguka, ananiambia hakuna kilichoanguka, ni kina mama wa mtaa wanafanya mazoezi.

Hiyo ndo gong kebyar, na kebyar maana yake ndo hiyohiyo, kulipuka ghafla. Ilianzia kaskazini ya kisiwa, Buleleng, kwenye 1915 hivi, kabla ya hapo walikuwa na gamelan (ndo bendi zao za vyombo vya kugonga) za taratibu za jumba la mfalme na za hekaluni, afu vijana wa vijiji wa wakati ule wakaona hapana, tuamshe watu. Watu ishirini na kitu wanapiga shaba kwa mpigo mmoja, hakuna anayesema moja mbili tatu, ni kama mtu kawasha taa. Mimi nimekulia kwenye singeli za mtaani siogopi spidi, lakini singeli angalau inakupa dakika ya kujiandaa.

Mama mwenye nyumba akaniona nimevutiwa (nilikuwa nimeshtuka, sura zinafanana) akanishika mkono tukaenda. Kila mtaa Bali una banjar, ni kama serikali ya mtaa na chama cha kuzikana vimeunganishwa, na banjar ina ukumbi wake hauna kuta, humo ndo kina mama walikuwa wamekaa chini mistari mistari. Nikajua niko nyumbani maana kabla ya kupiga hata noti moja walikuwa wanachangishana hela. Wanaita arisan. Kila mtu anatoa, jina linachomolewa kwenye gilasi, mmoja anaondoka nazo zote. Jamani si mchezo huu? Si upatu? Nilivuka bahari nzima ya Hindi kuja kukuta kijumbe ananisubiri na daftari.

Nikajiunga vyote, mchezo na muziki.

Mwalimu wetu mzee mmoja mtaratibu, wote tunamwita Bapak, anavuta zile sigara zao za kretek za karafuu mpaka ukumbi unanuka kama Pemba wakati wa mavuno, na wala sio bahati mbaya maana karafuu za Zanzibar miaka mingi zilikuwa zinauzwa huko huko kwenye hizo sigara. Akanikalisha kwenye gangsa. Gangsa ni vibao vya shaba vimening'inia juu ya mianzi, mkono wa kulia unapiga na kinyundo cha mti, wa kushoto unafuata nyuma unakibana kibao ulichotoka kupiga kikae kimya. Ukichelewa kubana sauti zote zinachanganyika inakuwa uji. Mimi nilipika uji wiki tatu.

Na hesabu nayo. Bapak akihesabu anasema satu, dua, tiga, empat, lima. Mara ya kwanza aliposema dua nikanyanyua mikono, nikajua tunafungua mazoezi kwa sala, aliposema lima nikamwangalia, nikalime wapi usiku huu? Neno pekee nililomwelewa moja kwa moja lilikuwa sabar. Subira. Aliniambia sabar mara nyingi sana huyo mzee.

Nikamwomba karatasi ya noti nikasome nyumbani. Karatasi hakuna. Anakaa mbele yako, ng'ambo ya chombo chako hichohicho, anapiga kutokea upande wake, yaani kwake kila kitu kimegeuka, na wewe unafuata nyundo yake kwa macho. Wanaita maguru panggul, mwalimu wako ni nyundo. Mzee anapiga kinyumenyume bila kuangalia chini, huku anavuta sigara, mimi ninayepiga upande wa kawaida ndo nakosea.

Basi wiki ya pili nikajifanya mjuzi. Nilikuwa nasikia kitu hakiko sawa, gangsa yangu na ya mama wa pembeni yangu tukipiga kibao kilekile sauti hazilingani, yake iko juu kidogo. Sikio la bibi likanicheza. Nikaenda kupakua programu ya kutuni gitaa kwenye simu, nikapima, kweli, zinatofautiana. Nikamfuata Bapak kwa adabu zote, nimeinamisha kichwa kabisa, nikamwonyesha simu, Bapak samahani, hiki chombo kimeharibika ila usijali nimeshajua ni kibao kipi.

Ilikuwa ni vibao vyote.

Akacheka mpaka sigara ikazima. Akawaita kina mama akawaelezea, wakacheka, mmoja akawapigia simu wasiokuwepo. Kumbe vyombo vinatengenezwa viwili viwili makusudi, mmoja chini kidogo anaitwa pengumbang, mmoja juu kidogo anaitwa pengisep, ukivipiga pamoja zile sauti mbili zinagombana na katikati yake kinazaliwa kitu kinatetemeka, wau-wau-wau, na jina lake ni ombak, yaani wimbi. Fundi wa kutuni anahangaika kuhakikisha havilingani, na huko kutolingana kwenyewe kuwe kwa kiasi kilekile. Kikilingana ndo kibovu, kimekufa. Na kila seti ina mtuno wake, huwezi kuazima kibao banjar ya jirani ukaja kukipachika kwako. Nikafuta ile programu palepale mbele yao.

Wiki ya tatu nikaruka reyong. Reyong ni mstari mrefu wa vyungu vya shaba, na soketi ya kuchajia simu iko nyuma yake, kuzunguka ni mbali, nikapandisha kanga nikavuka juu. Ukumbi ukanyamaza, sijawahi kusikia kina mama thelathini wamenyamaza kwa pamoja, hata kebyar hawajawahi kuianza kwa pamoja vile. Vile vyombo vina heshima yake, vinawekewa maua na ubani kabla ya kupigwa, havirukwi. Nikaomba msamaha mpaka kwa vyungu vyenyewe. Bapak akaweka kikapu cha maua, akawasha ubani, akasema sabar, sijui alikuwa anajiambia mwenyewe.

Kilichonimaliza kwenye gangsa lakini ni kotekan. Wimbo ule wa haraka unaousikia hapigi mtu mmoja, umekatwa vipande, polos ana vyake, sangsih ana vyake anavyovichomeka kwenye mapengo ya mwenzie. Mimi nilikuwa polos. Nikawa nafanya mazoezi chumbani kwenye ubao wa mkate, tak, tak-tak, (kimya), tak, najiuliza huu muziki gani, ni kama kusikiliza mtu anaongea na simu huelewi wa upande wa pili anasema nini. Darasani kulikuwa na Mganda, akaniambia mbona kwao kwenye amadinda, ile marimba yao ya magogo, ni hayohayo, wanakaa wawili wanatazamana, huyu anapiga kwenye nafasi za yule. Akanionyesha kwenye meza ya chakula na vijiko. Kwake ikatoka vizuri. Mimi nikirudi ukumbini, dakika tu nikisikia sangsih ya mama wa pembeni nahamia kwake bila kujua, tunapiga sangsih wawili, polos hakuna, wimbo unabaki kibogoyo.

Kwa hiyo wakanihurumia wakanipa gong.

Yale magongi makubwa mawili ya shaba yanayoning'inia nyuma, la kike na la kiume. Kazi yenyewe ukiiangalia ni ya mlinzi. Wenzako wanatoka jasho, wewe unakaa na rungu limevishwa kitambaa, mzunguko wa wimbo ukifika mwisho unapiga moja. Afu unasubiri tena. Nikapiga simu nyumbani nikamwambia mama nimepandishwa cheo, napiga gong. Mama akanyamaza, akasema mwanangu umeanza lini kunywa gongo.

Ikafika siku yenyewe, sherehe ya banjar, tunawapigia watoto ngoma ya Pendet, ile ya kukaribisha wageni, visichana wanatoka na mabakuli ya maua na mwishoni wanawarushia watu. Mimi nimevaa kebaya, blauzi yao ile, ya kuazima, chini nimejifunga kanga yangu maana sketi yao ile ya kufunga haina tofauti na kanga, na kanga niliyobeba inasema KELELE ZA MLANGO HAZINIZUII USINGIZI. Kina mama wakaniuliza imeandikwa nini nikawatafsiria, wakafurahi sana. Laiti ningejua.

Tukaanza. Na hapa ndo pa kunielewa. Kwenye gangsa nilikuwa nasikia kibao changu tu na aibu yangu. Pale nyuma kwenye gong, kwa mara ya kwanza, nikasikia vyote. Jegogan za sauti nzito zinatembea polepole kama bibi anaenda sokoni, juu yake wale wa katikati hatua mbili mbili, juu kabisa polos na sangsih zimeshikana kama mkeka, sisikii tena nani ni nani, na lile wimbi, ombak, limetanda ukumbi mzima linakupapasa masikioni. Halafu kila kitu kinateremka kuelekea sehemu moja, na sehemu hiyo ni mimi, mimi na rungu langu, napiga, nyumba inatulia, wanaanza kupanda tena. Machozi yakanilenga, wallahi. Nikafumba macho. Nikasema bibi laiti ungekuwepo ukasikie.

Nikiwa namwambia bibi hayo, nikasikia kimya.

Sio kimya kizima. Nusu. Nusu ya kina mama walikuwa wamefika mwisho wakasimama wananisubiri niwafungie mlango, nusu nyingine gong hawajalisikia wakaona basi bado, wakaendelea. Nikafumbua macho, mama wa ngoma, yule mpigaji anayetuongoza, amegeuza shingo yote ananiangalia. Nikaamka kwa pupa nikalishindilia lile gong kwa nguvu za miezi yote, la kiume wakati zamu ilikuwa ya la kike, likayumba na kamba yake likaenda kumgonga mwenzie, gooong-gong-go-go-gong, kama treni inaingia stesheni. Wale waliosimama wakajua ni mwanzo wa mzunguko mpya wakaanza upya. Wale waliokuwa wanaendelea wakajua ni mwisho wakasimama.

Mama wa ngoma mwanamke wa shoka yule, akapiga mapigo fulani akawakusanya wote akawarudisha mwanzo wa mzunguko ili tumalize kiheshima. Tatizo ni watoto. Maua walishayarusha yote. Mzunguko mzima wa ziada visichana sita wanachota hewa kwenye bakuli tupu wanawarushia wageni hewa, na tabasamu halijawatoka, na wageni nao kwa adabu wanajifuta maua ambayo hayapo. Yule wa mbele, hana hata miaka tisa, kwenye ngoma zao kuna kukata jicho, linaenda pembeni fyuu linarudi, linaitwa seledet. Yeye lake lilikuja kwangu. Likabaki.

Safari hii sikufumba macho hata kupepesa, namwangalia mama wa jegogan mkono wake kama paka anamwangalia muuza samaki, nikapiga mahali pake, tukamaliza. Watu wakapiga makofi. Bapak alikuwa ameweka kichwa kwenye magoti, mabega yanatikisika, mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Kina mama walinisamehe siku ileile, wakanijazia chakula cha kwenda nacho na wiki iliyofuata jina langu likatoka kwenye mchezo, nikala hela zote. Gong waliniachia pia, ila wakanipangia bibi mmoja akae nyuma yangu na kidole mgongoni.

Walionikatalia ni wale visichana. Miezi yote iliyobaki nikitoka kwenda darasani nawakuta wamekaa getini kwa mwenzao, wananiangalia tu napita, kimya, wananiacha niende zangu mpaka nikaribie kona. Ndo nasikia wanahesabu taratibu, satu, dua, tiga, empat, lima, na nikishakata kona kabisa, nimeshasahau hata kama walikuwepo, wanapasua wote kwa pamoja: GOOOONG!